San Antonio: Fedha ya Mgeni, Manufaa ya Mwenyeji

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni methali ambayo kila mmoja wetu ameisikia tangu utotoni, hasa siku ile jogoo alipochinjwa kwa ajili ya mjomba aliyefika kutoka mbali, na watoto wa nyumba nao wakapata paja ambalo siku za kawaida wasingeliona. Lakini ndani ya methali hiyo limo swali. Mwenyeji anapona vipi? Nani mwenye kugawa kitoweo? Na je, yule aliyeshinda jikoni akipuliza moto anapata fungu lake, au anaambulia kuosha sufuria tu?

Ndugu msomaji, Jumapili hii nakuomba tufunge safari hadi ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, kusini mwa Marekani. Sikuuchagua mji huo kwa ukubwa wake, ijapokuwa una watu wapatao milioni moja na nusu; wala sikuuchagua kwa umashuhuri wa vita vya Alamo vya mwaka 1836, ambavyo watoto wa Kimarekani hufundishwa shuleni. Nimeuchagua kwa sababu huko swali la mgawo wa kitoweo cha mgeni limeandikwa katika sheria, kifungu kwa kifungu, na majibu yake mtu anaweza kuyaona kwa macho na kuyakanyaga kwa miguu.

MTO ULIO CHINI YA BARABARA

Ukifika katikati ya San Antonio mchana wa kiangazi, jua la Texas litakupokea kwa ukali. Juu ya barabara kuna yale ya miji yote mikubwa: magari, majengo marefu, benki, maduka na watu wenye haraka. Huoni dalili yoyote ya mto. Lakini sogea ukingoni mwa daraja, uchungulie chini. Hapo utaona ngazi za mawe zinazoshuka futi 20 hivi, na mwisho wa ngazi hizo ni kama umeingia katika mji mwingine. Maji ya kijani yanatembea taratibu. Miti mirefu ya saipresi imesimama kandokando na kutia kivuli. Pande zote mbili pana vijia vya mawe, mikahawa yenye miavuli ya rangi rangi, na wapiga muziki wa Kimeksiko wenye kofia pana. Mashua bapa zilizojaa wageni hupita polepole, nahodha akisimulia habari za kila daraja.

Mahali pamoja utakuta ukumbi wa michezo wa ajabu uitwao Arneson. Jukwaa lake liko ng'ambo moja ya mto, na viti vya watazamaji, vilivyo ngazi za majani mabichi, viko ng'ambo ya pili. Mto unapita kati ya mwimbaji na wasikilizaji wake.

Usidhani kwamba uzuri huo ulishuka kutoka mbinguni. Mwezi Septemba 1921 mto huo huo ulifurika usiku na kuua watu wapatao 50. Wahandisi wakajenga bwawa la Olmos na kuchimba mfereji wa kuyapitisha maji ya mafuriko kando. Likabaki swali la nini kifanywe na ule mpindo wa mto uliopita katikati ya mji. Akina mama waliounda Chama cha Hifadhi cha San Antonio mwaka 1924 walisimama imara kuutetea urithi wa mji wao. Mwaka 1929 msanifu kijana, Robert Hugman, akatoa mchoro wake wa vijia, madaraja na maduka kando ya maji. Mchoro ukasifiwa, lakini fedha hazikuwapo, maana uchumi wa dunia ulikuwa unaporomoka.

Na hapa, msomaji, anza kuangalia nani aliyefungua mkoba. Mmoja wa waliosukuma jambo hilo mbele mwaka 1938 alikuwa Jack White, meneja wa hoteli iliyokuwa karibu na mto, ambaye baadaye alipata kuwa meya. Wenye mali za kandokando ya maji walikubali kujitoza kodi ili mto upambwe. Serikali kuu ya Marekani, iliyokuwa ikitafutia kazi mamilioni ya watu wasio na ajira, ikatia sehemu kubwa zaidi. Kazi ilifanywa kati ya mwaka 1939 na 1941. Kwa hiyo mwenye hoteli alikuwa ameng'amua mapema kwamba biashara ya kitanda haianzii kitandani. Huanzia kwenye kile kinachomfanya mtu atoke kwao.

Mwaka 1968, mji ulipotimiza miaka 250, yalifanyika Maonyesho ya Dunia yaliyoitwa HemisFair. Mto ukaongezewa mkono mpya hadi kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano, mnara wa futi 750 ukasimamishwa, na hoteli mpya zikachipuka. Tangu hapo San Antonio ukawa mji wa wageni. Lakini kumbukumbu ya haki haina budi kutaja na upande wa pili: ili kupata uwanja wa maonyesho, mtaa mzima wa zamani ulivunjwa, na familia nyingi zikahamishwa. Wageni walikuja; wenyeji wale waliondoka.

SIRI ILIYOMO KATIKA RISITI

Sasa tuje kwenye fedha yenyewe. Tuseme umelala katika hoteli ya katikati ya mji, na bei ya chumba ni dola 100 kwa usiku. Asubuhi unaporudisha ufunguo mapokezi, karani hakudai dola 100. Mbali na tozo nyingine ndogo ndogo, kwa miaka mingi kodi ya hoteli peke yake ilikuwa dola 16 na senti 75 juu ya bei ya chumba. Katika hizo, dola 6 ni za serikali ya jimbo la Texas. Dola 9 ni za jiji: 7 ni kodi ya kawaida, na 2 zimetengwa kwa ajili ya upanuzi wa ukumbi wa mikutano. Iliyobaki, dola 1 na senti 75, ni ya Kaunti ya Bexar, yaani serikali ya eneo lote linaloubeba mji huo.

Kodi hii humhusu mgeni tu. Mtu anayekaa katika hoteli kwa siku 30 mfululizo au zaidi huhesabiwa kuwa mkazi, naye husamehewa. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wa Texas wana subira zaidi: wao humpa jembe siku ya thelathini.

Serikali za mitaa kote duniani hupenda kodi ya namna hii, na sababu yake haifichiki. Anayeitoa hapigi kura hapo. Kesho keshapanda ndege amekwenda zake. Diwani anayepandisha kodi ya nyumba atazomewa sokoni, lakini anayepandisha kodi ya hoteli atazomewa na mtu aliye umbali wa maili elfu moja, ambaye sauti yake haisikiki. Ndiyo maana fedha hiyo ina kishawishi. Ingeachwa huru, ingeingia katika mfuko mkuu na kuyeyuka humo kama chumvi majini, na mwaka ukiisha hakuna ambaye angeweza kusema ilinunua nini.

MITIHANI MIWILI

Sheria ya kodi ya Texas imeizungushia fedha hiyo ya jiji ua wenye milango miwili. Kila senti lazima ipite yote miwili.

Mlango wa kwanza ni huu: matumizi hayo sharti yakuze moja kwa moja utalii na biashara ya mikutano na hoteli. Haitoshi kwamba jambo ni jema. Lazima liwe na uwezo wa kumvuta mtu kutoka nje aje alale katika hoteli za hapo.

Mlango wa pili ni orodha. Matumizi lazima yaangukie katika mafungu yaliyotajwa na sheria: kujenga na kutunza kumbi za mikutano na vituo vya kuwaelekeza wageni, kuandikisha wajumbe wa mikutano, kuutangaza mji, kustawisha sanaa, kuhifadhi majengo na mahali pa kihistoria, na mengineyo machache kama vile kuwasafirisha watalii kutoka hoteli hadi penye vivutio, kuweka vibao vya kuwaonyesha njia, na katika baadhi ya maeneo, michezo inayoleta washindani wengi kutoka nje. Isitoshe, sheria inasema waziwazi kwamba fedha hiyo haiwezi kutumiwa kwa shughuli za kawaida za uendeshaji wa serikali ya mji.

Hebu, msomaji, jifanye wewe ni diwani, na meza yako ina maombi manne. La kwanza ni kuziba mashimo ya barabara ya mtaa wa wafanyakazi. La pili ni kuongeza mishahara ya askari wa mji. La tatu ni kulikarabati jengo la kale ambalo wageni hulitembelea. La nne ni tangazo la kuwaita madaktari wa nchi nzima wafanye mkutano wao hapo. Moyo wako huenda ukavutwa na yale mawili ya kwanza, kwani ndiyo yanayolalamikiwa kila siku. Sheria itakukatalia. Fedha ya mgeni itakwenda kwa la tatu na la nne. Barabara na mishahara utayatafutia kodi nyingine.

Zipo njia za pembeni ambazo wabunge wa jimbo wamezifungua kwa miji fulani kutokana na hali zake. Mji wa Galveston, ulio pwani, unaruhusiwa kutumia kodi ya hoteli kusafisha ufuko wa bahari. Angalia jinsi mstari ulivyochorwa: kufagia ufuko ni sawa, kwa kuwa ufuko ndio uliomleta mgeni, kufagia uchochoro wa nyuma ya nyumba yako si sawa, kwa kuwa hakuna aliyesafiri kuja kuuona.

Aidha, mji unaweza kuikabidhi kazi hii kwa chombo kingine, lakini hauwezi kukabidhi na macho. Bajeti ya chombo hicho lazima ipitishwe na baraza kwa maandishi, fedha iwekwe katika hesabu yake mbali na fedha nyingine, na taarifa ya matumizi itolewe angalau kila miezi mitatu. Mwananchi mwenye kutaka kuzisoma hesabu hizo anao mahali pa kuanzia. Fedha yenye jina haipotei kwa urahisi kama fedha isiyo na jina.

KILICHOBAKI MIKONONI MWA MWENYEJI

Mtu anaweza kusema: basi sheria hii ni ya wenye hoteli. Mgeni analipa ili aletwe mgeni mwingine, naye alipe ili aletwe wa tatu; gurudumu linazunguka, na mwenyeji analitazama tu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tuendelee kutembea, kwa maana San Antonio unatuonyesha kwamba ndani ya ua ule ule mji unaweza kuchagua vitu ambavyo mgeni huvitazama siku mbili na mwenyeji huvitumia mwaka mzima.

Hadi asilimia 15 ya kodi ya kawaida ya jiji hutengwa kwa sanaa, na hadi asilimia 15 nyingine kwa historia na hifadhi. Mafungu hayo mawili hayamfikii mgeni peke yake. Ngoma, picha na michezo ya kuigiza huchezwa na watoto wa mji huo na kutazamwa na wazazi wao.

Shuka na mto kuelekea kusini. Mbali na vurugu za mikahawa utakutana na makanisa manne ya kale yaliyojengwa na mapadri wa Kihispania kwa jasho la wenyeji Wahindi Wekundu katika karne ya 18: Concepción, San José, San Juan na Espada. Pamoja na Alamo, yaliingizwa mwaka 2015 katika orodha ya Urithi wa Dunia. Karibu na Espada pana mfereji uliojengwa juu ya matao ya mawe yapata miaka 280 iliyopita, na hadi leo unapitisha maji. Jumapili misa husomwa, na waumini ni watu wa mitaa hiyo, si watalii.

Kinachoyaunganisha makanisa hayo ni njia ya kando ya mto ya urefu wa maili 8, iliyokamilishwa mwaka 2013. Zamani sehemu hiyo ilikuwa imenyooshwa na kugeuzwa mtaro wa mafuriko usio na mti wala ndege. Mwezi Mei 2008 wapiga kura wa Kaunti ya Bexar waliidhinisha mpango wa dola milioni 415 kutokana na kodi ya hoteli na ya magari ya kukodi, na dola milioni 125 kati ya hizo zikaelekezwa kwenye mto. Mimea ya asili ikapandwa, maji yakapewa mipindo yao ya zamani, na njia za baiskeli na za miguu zikawekwa. Jioni utawaona wazee wakinyoosha miguu, vijana wakiendesha baiskeli, baba na mwanawe wakivua samaki. Hakuna kiingilio. Hiyo ni mitaa ya kusini ya mji, mitaa ya watu wa kipato cha chini, ambayo kwa miaka mingi haikuwa ikikumbukwa kama kule katikati. Mgeni kutoka Chicago hakujua alipokuwa akilipia chumba chake kwamba senti zake zingekwenda kumwekea mzee huyo kivuli. Lakini zimekwenda.

MFUPA ULIOKWAMA KOONI

Hata hivyo tusisifu mno tukasahau kupima. Kodi hiyo hiyo imejenga na vitu vyenye ubishi. Mwaka 1999 wapiga kura wa kaunti waliikubali igharamie uwanja wa ndani wa timu yao ya mpira wa kikapu, Spurs, nao ukafunguliwa mwaka 2002 upande wa mashariki wa mji. Wakazi wa upande huo walitumaini kwamba maduka na ajira vingefuata. Wengi wao wamelalamika kwamba mchezo ukiisha, magari huondoka na mtaa hubaki ulivyokuwa. Na mwezi Novemba 2025, kwa kura zilizokaribiana, wananchi walikubali kaunti itoe hadi dola milioni 311 za kodi hiyo kwa uwanja mwingine mpya wa timu hiyo hiyo, safari hii katikati ya mji, na fungu la kaunti kupandishwa kutoka asilimia 1.75 hadi asilimia 2.

Waliounga mkono walisema: atakayelipa ni mgeni, si wewe. Neno hilo ni la kweli, lakini halimalizi shauri. Dola iliyokwisha kwenda kwenye uwanja haiwezi tena kwenda kwenye mto. Fedha ya mgeni nayo ni fedha ya mwenyeji mara inapoingia katika hazina yake, na anayo haki ya kuihesabu kama anavyoihesabu ile iliyotoka mfukoni mwake.

Kisha yuko yule aliyekaa jikoni akipuliza moto: mhudumu anayetandika vitanda, mpishi, mwosha vyombo. San Antonio umehesabiwa miongoni mwa miji mikubwa yenye umaskini mwingi nchini Marekani, na katika jimbo la Texas kima cha chini cha mshahara ni kile kile cha serikali kuu, dola 7 na senti 25 kwa saa, kilichowekwa mwaka 2009. Kodi ya hoteli haiongezi mshahara huo hata senti moja, kwani haikuwekwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2020, maradhi ya Uviko yalipofunga hoteli, kodi iliporomoka na kazi zikaporomoka pamoja nayo. Tarehe 9 Aprili mwaka huo familia zipatazo 10,000 zilifika kwa magari yao kupokea chakula cha msaada katika uwanja mmoja wa mji huo, na picha ya misururu ya magari ikazunguka dunia nzima. Mji unaoegemea mno kitanda cha mgeni huanguka siku mgeni asipokuja.

TUCHUKUE NINI?

Nasi, ndugu msomaji, si wageni wa jambo hili. Nchini mwetu halmashauri zimekuwa zikitoza ushuru wa nyumba za kulala wageni, na yeyote aliyesafiri kikazi au kwenda msibani mikoani amewahi kuulipa, pengine bila kujua. Majirani zetu wa Kenya walitoza ushuru wa mahoteli na mikahawa, na matunda yake mojawapo ni Chuo cha Utalii kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975, ambamo vijana wao wamejifunza upishi na uendeshaji wa hoteli. Huo ulikuwa ushuru wa taifa, si wa halmashauri. Lakini ndani yake mna jambo ambalo San Antonio haukulifanya kwa njia hiyo: fedha ya mgeni ilimfikia mfanyakazi mwenyewe, ikampa ujuzi ambao hakuna atakayemnyang'anya.

Sheria ya Texas si msahafu, wala hali zetu si zao. Mji ambao barabara ya kwenda hospitali haipitiki masika hauwezi kuambiwa utumie senti zake zote kwa matangazo. Lakini mambo matatu yanafaa kuwekwa akilini. Fedha ya mgeni ipewe jina na kazi, ili ijulikane ilikokwenda. Taarifa zake zisomwe hadharani kwa lugha inayoeleweka na mama muuza vitumbua. Na kila jambo litakalojengwa kwa ajili ya mgeni liulizwe swali moja: je, Jumatatu asubuhi, wageni wakisha kuondoka, nani atalitumia?

Siku nyingine ukilala ugenini, iangalie vizuri karatasi utakayopewa mapokezi. Ule ushuru ulioandikwa chini kwa herufi ndogo ni mchango wako kwa mji wa watu wengine. Na usiku huo huo, katika mji wako mwenyewe, yuko mgeni anayelala na kuchangia wa kwenu. Diwani wako anajua ni kiasi gani. Atakapoitisha mkutano wa hadhara, nyoosha mkono umwulize kwa adabu kimefanya nini.